Kukoleza Rangi: Je, Ni Haki ya Mtazamaji?

Katika chumba cha vifaa cha shule yetu kuna kompyuta kongwe ya aina ya Commodore 64, pamoja na skrini yake ya kioo kinene. Kompyuta za aina hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982, na hii yetu ililetwa na mhisani aliyeona kuwa yafaa wanafunzi wajue ufundi huu ulikoanzia. Siku moja mwalimu wa sayansi aliiwasha mbele ya darasa. Ukatokea, kama ilivyo desturi ya mashine hiyo, uwanja wa buluu, na juu yake maandishi ya buluu iliyopauka kidogo. Chini ya kioo pana kijidirisha, na ndani yake vimepangwa vifundo vidogo vya kuzungushwa kwa vidole: kimoja cha mwangaza, kimoja cha kutenganisha weusi na weupe, na kimoja cha rangi.

Kijana mmoja akakishika hicho cha rangi akakizungusha hadi mwisho. Buluu ikakolea hata ikawa kama inataka kumwagika nje ya kioo. Wenzake wakashangilia. Msichana mmoja akapeleka mkono akakirudisha nyuma, akasema, "Sivyo hivyo, umeiharibu." Kijana akajibu, "Nimeiharibu vipi, nami nimeipendezesha?" Wakabishana kwa muda, kisha wakanigeukia mimi niliyekuwa nimeingia kutafuta chaki. "Mwalimu," wakasema, "rangi ya kweli ni ipi?"

Nilitabasamu, nikawaambia wamwulize mwalimu wa sayansi. Lakini nilipotoka nje niliona aibu, maana nilitambua kuwa swali lile halikuwa la sayansi peke yake. Lilikuwa swali la maadili, na lilinihusu mimi mwalimu wa lugha kuliko lilivyomhusu mwenzangu. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Tuanze na neno lenyewe, maadam hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili husema rangi "imekolea". Neno hilo hilo hutumika kwa mchuzi uliokolea chumvi, kwa chai iliyokolea majani, kwa moto uliokolea jikoni na kwa mazungumzo yaliyokolea barazani. Kukolea ni kufikia kiwango ambapo kitu kinatambulikana wazi kuwa ni kile kilicho. Mchuzi usiokolea haujawa mchuzi barabara. Lakini kila mpishi anajua kuwa upo mpaka, na ukivukwa, chakula hakiliki tena. Kwa hiyo lugha yetu haikukichukia kitendo cha kukoleza. Inakitaka, ila inakitaka kwa kiasi. Na papa hapa ndipo ugumu unapozaliwa: ni nani anayekijua kiasi hicho, na anakijuaje?

Hebu sasa tutazame kile kifundo kinafanya nini. Katika skrini za namna ile, mna miali mitatu ya elektroni inayopiga kioo kwa ndani, palipopakwa unga maalumu unaong'aa ukipigwa. Sehemu moja ya unga hung'aa nyekundu, nyingine kijani, nyingine buluu. Kwa kuchanganya mianga hiyo mitatu jicho la mwanadamu hupata rangi nyingine nyingi. Ishara inayotoka katika kompyuta hubeba mambo mawili yaliyotengwa. La kwanza ni mwangaza, yaani umbo zima la picha kwa weusi na weupe. La pili ni rangi, nayo hubebwa na wimbi dogo linalokwenda pamoja na ule mwangaza. Nafasi ya wimbi hilo katika mzunguko wake huamua kama rangi ni nyekundu au kijani. Kimo cha wimbi huamua rangi hiyo imekolea kadiri gani. Kifundo cha rangi hakifanyi lingine ila kukuza au kupunguza kimo hicho.

Utengano huu haukutokea kwa bahati. Marekani ilipoidhinisha mfumo wa televisheni ya rangi uitwao NTSC, mwezi wa Desemba mwaka 1953, nyumba nyingi zilikuwa tayari na televisheni za weusi na weupe, na wahandisi walitaka watu hao waendelee kupokea matangazo bila kununua chombo kipya. Basi rangi ikapandishwa juu ya picha iliyokwisha kuwa kamili. Ndiyo sababu ukikizungusha kile kifundo hadi sifuri, picha haipotei. Nyumba inabaki nyumba, mti unabaki mti, herufi zinasomeka. Kinachoondoka ni rangi tu. Na ukikizungusha hadi mwisho upande wa pili, maumbo hayaongezeki hata kidogo. Wekundu hutapakaa ukavuka mipaka yake, na kingo za vitu huanza kupotea. Hili tulishike, kwani tutalirudia: kukoleza hakuongezi habari, na kukipita kiasi huifuta habari iliyokuwapo.

Sasa tulijibu swali la wanafunzi. Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kuwa rangi ya kweli ni ile ya kitu chenyewe. Kama skrini inaonyesha jani, tizama jani lililo nje ya dirisha, kisha zungusha kifundo mpaka viwili hivyo vifanane. Jibu hili lina heshima kubwa katika Kiswahili. Tukitoa -eupe, -eusi na -ekundu, ambazo ni sifa zenye mizizi yake, rangi zetu nyingine takriban zote zimepewa majina kwa kuvitaja vitu. Kijani kinatokana na jani, kijivu kinatokana na jivu, kahawia inatokana na kahawa, manjano ni ile bizari ya kutilia chakula, zambarau ni tunda. Mswahili alipotaja rangi alitaja na shahidi wake. Ukibishana naye juu ya kijivu, atakuchukua jikoni akuonyeshe.

Hata hivyo jibu hili halikutosha katika chumba kile cha vifaa. Picha iliyokuwa mbele ya vijana haikuwa ya jani wala ya jivu. Ilikuwa ni buluu tu, buluu iliyozaliwa ndani ya mashine, isiyo na kitu chochote nje ya dirisha cha kulinganishwa nacho. Na zaidi ya hayo, zile rangi 16 za Commodore 64 hazikuandikwa popote na watengenezaji kwa vipimo vya wekundu, kijani na buluu kama zinavyoandikwa rangi za kompyuta za leo. Mashine ilitoa mawimbi, na skrini ikayatafsiri kadiri ya uwezo wake na kadiri ya mkono wa mwenye nyumba. Siku hizi watu wanaoiga kompyuta hizo kwa programu mpya wametengeneza orodha mbalimbali za rangi hizo 16, na orodha hizo hazilingani. Aidha, skrini yenyewe imezeeka. Ule unga unaong'aa huchoka kwa saa nyingi za kazi, na kapasita zilizo katika sakiti hukauka. Alama ya katikati iliyo kwenye kifundo haimaanishi leo kile ilichomaanisha siku skrini ilipotoka kiwandani. Basi shahidi wa kwanza hayupo, na wa pili amepungukiwa na kumbukumbu.

Hapo ndipo lilipo kishawishi cha jibu la pili, ambalo ndilo la yule kijana: kama shahidi hayupo, basi kweli ni lile linalonipendeza. Kifundo kimewekwa upande wangu wa kioo, si upande wa mtengenezaji. Kwa nini kiwekwe mbele yangu kama si haki yangu kukizungusha? Wahenga nao wanaonekana kumwunga mkono kwa kusema kipendacho roho hula nyama mbichi. Jibu hili tusilidharau. Kweli ipo haki ya mtazamaji. Mtu mwenye macho dhaifu, au aliyekaa penye jua kali, anahitaji rangi ikozwe zaidi, na hakuna sheria ya haki inayomkataza.

Lakini jibu hili lina kasoro moja isiyoonekana upesi. Linadhani kuwa jicho ni hakimu asiyebadilika. Sivyo lilivyo. Mtu akikodolea macho karatasi nyekundu iliyokolea kwa nusu dakika, kisha akatazama ukuta mweupe, ataona hapo ukutani kivuli cha rangi ya kijani inayoelekea buluu, rangi ambayo haipo. Jicho limechoshwa na wekundu, limepunguza kuupokea, na sasa linauona hata weupe kwa upotovu. Ndivyo inavyokuwa kwa skrini. Aliyezoea buluu iliyokozwa hadi mwisho, ukimrudishia buluu ya kiasi, ataiona imekufa. Atasema mashine imeharibika, naye aliyeharibika ni yeye. Wauza televisheni wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu televisheni zilizopangwa dukani aghalabu hukozwa rangi kuliko inavyofaa nyumbani. Kati ya televisheni nyingi zilizowashwa pamoja, ile ya kiasi huonekana mgonjwa. Tumeambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mahali ambapo kila kitu kinajitembeza, hata kizuri hakionekani tena.

Hii ndiyo hatari hasa ya kukoleza kupita kiasi, nami naiona kubwa kuliko ile ya uongo wa kawaida. Uongo wa kawaida humdanganya mtu juu ya jambo moja, na njia ya mwongo ni fupi. Lakini ukolezaji unaozoelekea hukiharibu kipimo chenyewe, na mtu akiharibiwa kipimo huikataa kweli kwa mkono wake hata akiletewa bure, kwa kuwa machoni pake imepauka.

Je, basi tukikimbie kifundo? Wako watu wanaodhani kuwa chombo kisicho na kifundo cha rangi ndicho chenye uaminifu. Skrini ya IBM 5153 ya mwaka 1983 haikuwa na kifundo hicho. Kompyuta iliiambia kwa ishara za ndiyo na hapana ni rangi ipi kati ya 16 ionyeshwe, na mtazamaji hakuwa na la kuongeza. Lakini hata humo, ilipokuja ishara ambayo kwa hesabu ingetoa manjano iliyofifia, sakiti iliyokuwa ndani ya skrini ilipunguza kijani kwa makusudi, ili mtu aone kahawia badala yake. Wahandisi waliona kahawia ingefaa zaidi, na huenda walikuwa sahihi. Nataka kusema tu kuwa mkono wa kurekebisha ulikuwapo, ila ulikuwa umefichwa kiwandani. Kukosekana kwa kifundo si dalili ya kukosekana kwa mkono. Heri mkono ninaouona, kwa kuwa naweza kuuhoji.

Wala kukirudisha kifundo kwenye sifuri si uaminifu. Picha isiyo na rangi nayo inaficha kitu: embe bivu na embe bichi huwa sawa. Mwalimu ambaye kwa kuogopa kutia chumvi hamsifu mwanafunzi yeyote, akampa hodari na mvivu neno moja lile lile la "umejaribu", naye amesema uongo, ingawa ni uongo wa kijivu.

Napenda hapa kuitaja mifumo miwili ya televisheni, kwani inatufundisha jambo. Katika ule mfumo wa Marekani, ishara ikipata hitilafu njiani, nafasi ya wimbi la rangi husogea, na rangi hugeuka: uso wa mtu huweza kuwa kijani. Mafundi wenyewe walifanya mzaha kuwa mfumo wao hautoi rangi ile ile mara mbili. Kwa hiyo skrini zao ziliwekewa kifundo cha pili cha kuigeuza rangi yenyewe, mbali na kile cha kuikoleza. Mjerumani Walter Bruch, akifanya kazi katika kampuni ya Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 1960, alibuni mfumo wa PAL, ambao ulianza kutangaza Ujerumani Magharibi na Uingereza mwaka 1967, na baadaye ukatumika pia Kenya, Uganda na Tanzania. Katika PAL, sehemu moja ya wimbi la rangi hupinduliwa kwa kila mstari unaofuata, kisha mistari miwili huchanganywa. Kosa la mstari mmoja hufutwa na kosa la mwenzake lililo kinyume chake. Kinachobaki ni rangi sahihi, ila imepungua ukolevu kidogo. Yaani mfumo huu, ukikabiliwa na hitilafu, huchagua kupauka kuliko kugeuka. Sijui kama Bruch alikusudia kutupa somo la maadili, lakini naliona somo hilo wazi. Mtu asiye na hakika ya anachokisema na apunguze ukali wa maneno yake, asibadili maana yake. Naye mtazamaji, akijua kuwa upungufu ni wa ukolevu tu, ana kifundo cha kuurudisha.

Bado tunahitaji kipimo. Mafundi wa televisheni wa Marekani walikipata kwa njia ya werevu. Mwaka 1978 chama chao kiitwacho SMPTE kiliweka kanuni ya picha ya mistari saba iliyosimama: kijivu, manjano, samawati, kijani, zambarau iliyong'aa, nyekundu na buluu. Fundi hakuambiwa aitazame picha hiyo kwa macho matupu na kuamua kama inapendeza. Aliweza kuitazama kupitia kioo cha buluu. Kioo hicho kikishawekwa, manjano, kijani na nyekundu huwa giza, na mistari minne iliyobaki yote ina kiasi kimoja cha buluu ndani yake. Basi fundi huzungusha kifundo cha rangi mpaka mstari wa kijivu na mstari wa buluu, iliyo mwisho huku na mwisho huku, ing'ae sawasawa. Ikilingana, rangi imekolea kwa kiasi chake. Tazama hekima iliyomo: ili kuipata rangi ya haki, fundi hulifunga jicho lake lisione uzuri wa picha, akabaki na swali moja tu linaloweza kujibiwa, kama hivi viwili ni sawa au si sawa. Wahenga walisema apendaye, chongo huita kengeza. Kile kioo cha buluu kilikuwa dawa ya ugonjwa huo.

Lakini kipimo nacho hakina budi kuulizwa kilitoka wapi. Watu wengi nyumbani hawakuwa na kioo cha buluu, bali walizungusha vifundo mpaka nyuso za watu zionekane kuwa za watu. Nyuso za nani? Kadi za kulinganishia rangi za picha zilizotolewa na kampuni ya Kodak tangu miaka ya 1950 zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Picha ya majaribio ya BBC iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1967 ilikuwa na msichana mdogo wa Kizungu akicheza na mwanasesere. Aliyelinganisha chombo chake kwa ngozi hizo alipata ngozi hizo sawasawa, na ngozi nyeusi ikatokea kama bahati ingavyotaka, mara nyingi imezama gizani bila macho wala tabasamu. Hapakuwa na aliyekusudia uovu alipokuwa akizungusha kifundo sebuleni kwake. Uovu ulikuwa umeingia mapema zaidi, katika kumchagua shahidi mmoja awasemee wanadamu wote. Kwa hiyo mwenye kipimo na aulize daima: ni nani aliyeachwa nje kilipowekwa?

Sasa niseme kwa nini niliona aibu siku ile. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani alinijia akiomba barua ya kumpendekeza kwa kazi ya ukalimani. Alikuwa kijana mwema, msomaji wa wastani, mwenye makosa ya ngeli ambayo sikuwahi kumwondolea. Nilimpenda, na nilijua nyumbani kwao palitegemea kazi ile. Nikaandika kuwa Kiswahili chake ni cha kupigiwa mfano. Sikuandika jambo hata moja lisilokuwako kabisa, kwani Kiswahili alikuwa nacho. Nilikoleza tu. Kazi akaipata, na baada ya muda mfupi ikamshinda mbele za watu. Alirudi kunisalimia. Hakunilaumu, akasema tu, "Mwalimu, mimi nilidhani ninajua, kwa sababu wewe ulisema." Neno hilo sijalisahau. Nilidhani nimewakolezea rangi waajiri, kumbe nilimkolezea yeye mwenyewe, akajitazama katika kioo nilichokiharibu.

Nami nachelea kuwa si mimi peke yangu. Tunapoandika ripoti za muhula, kila mtoto ni "hodari sana", na yule aliye hodari sana kweli hatuna tena neno la kumpa. Hata juu ya Kiswahili chenyewe, sisi tunaokifundisha nje ya pwani kilikozaliwa tumezoea kukizungusha kifundo hadi mwisho. Ni kweli kuwa mwezi wa Novemba mwaka 2021 UNESCO ilitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hilo ni jambo kubwa, na halihitaji kukolezwa. Lakini tukisimama jukwaani tukasema lugha imekwisha kuenea kila pembe, na hali wanafunzi wetu watano wanasoma kitabu kimoja, tumewafunga macho wale ambao wangetuletea vitabu. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Tufanyeje basi? Nadhani mafundi wametuonyesha utaratibu. Fundi stadi kwanza hukipeleka kifundo cha rangi kwenye sifuri, akasawazisha mwangaza na weusi mpaka maumbo yawe wazi. Ndipo huleta rangi kidogo kidogo, akiipima kwa kipimo kisichotegemea mapenzi yake. Kisha huyapumzisha macho yake, akarudi kutazama tena. Sisi nasi tunaweza kuandika hivyo. Tuandike kwanza habari isiyo na sifa: mwanafunzi huyu amesoma nini, anaweza nini, anakosea wapi. Habari hiyo ikisimama yenyewe, ndipo tuitie rangi yake, nayo iwe rangi ambayo tungempa kila mwenye sifa hiyo, si mpendwa wetu tu. Kisha tuiache ilale usiku mmoja, na asubuhi tuisome kwa macho yaliyopumzika.

Na kwa swali la haki ya mtazamaji, jibu langu ni hili. Aliyeketi peke yake mbele ya skrini yake ana haki ya kuikoleza apendavyo, na asimwombe mtu ruhusa. Lakini mara tu anapokaa mwingine kando yake, atakayeamini kuwa anachokiona ndicho kilichopo, haki ile inageuka kuwa amana. Mwenye amana anaruhusiwa kukizungusha kifundo, ila ni juu yake kujua alikizungusha kutoka wapi, na kusema alipoulizwa. Nasi walimu, tukumbuke kwamba hatukai peke yetu mbele ya kioo hata siku moja.

Wiki iliyopita nilirudi katika kile chumba cha vifaa, nikawakuta wale wanafunzi. Niliwaambia kuwa kwa buluu ile hakuna shahidi aliyebaki wa kutuambia ilivyokuwa siku ya kwanza, kwa hiyo yeyote asidai kuwa yake ndiyo ya kweli. Nikawaomba wakipeleke kifundo hadi sifuri, wahakikishe herufi zinasomeka, kisha waipandishe rangi polepole na wasimame kabla kingo za herufi hazijaanza kutapakaa. Walifanya hivyo kwa zamu. Kila mmoja alisimama mahali pake, lakini hapakuwa mbali na alipofika mwenzake. Yule msichana alichukua kalamu, akachora mstari mwembamba pembeni mwa kifundo, na kando yake akaandika tarehe, ili atakayekuja baadaye ajue kuwa hapo si penye kweli yenyewe, ila ndipo tulipopatana sisi.